Hiace ya 5L inachemsha na kula oili: nifumue injini au nichukue ya mtumba?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L, inabeba abiria kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni. Kwa miezi miwili sasa inasumbua kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe na baadaye wa bluu, na inakula oili karibu lita moja kwa kilomita 700. Ikipanda mlima wa Kitonga mshale wa joto unapanda, na nikifungua rejeta asubuhi na kuwasha gari naona mapovu. Fundi wangu anasema tuagize injini ya mtumba Dar. Mwingine anasema tufungue tuweke ringi mpya za pistoni tu, itapona. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, usitume hela Dar kwanza, na hiyo ya "ringi tu" ikatae kabisa. Gari lako lina magonjwa mawili, na kila moja lina tiba yake. Mapovu kwenye rejeta yanatoka juu: gesi ya moto inapenya kwenye maji kwa sababu gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imeungua au hedi imepasuka. Kula oili mara nyingi kunatoka chini, kwenye ringi na silinda, ingawa sili za valvu zikikauka nazo hupitisha oili nyingi. Kuwaka kwa shida kunaweza kuletwa na lolote kati ya hayo, au na plagi za hita zilizokufa, ambazo hazihitaji hata kufungua injini. Mpaka hapo hakuna aliyepima kitu, kwa hiyo mafundi wote wawili wanakisia.

Anza na vya bei ndogo. Toa ukanda wa chuma unaounganisha plagi za hita, kisha pima kila plagi kwa mita. Nzima ina ukinzani mdogo sana, chini ya ohm 2. Iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Mbili zikifa kati ya nne, asubuhi ya baridi ya Iringa inatosha kukupa moshi mweupe na starta ndefu. Halafu funua kava ya valvu upime nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za ekzosi 0.40 hadi 0.50. Valvu iliyokaza haifungi vizuri, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inashuka, na fundi asiyepima atadai ringi zimekwisha. Kwenye 5L nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti), si kwa kukaza skrubu, ndiyo maana wengi hawagusi sehemu hiyo kwa miaka.

Sasa pima kompresheni, na upime kwa utaratibu. Geji iwe ya dizeli, inayosoma angalau bar 40. Ya petroli utaivunja. Injini iwe imepata moto, betri imejaa, plagi zote nne za hita zimetolewa, na waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu umechomolewa. Geji inafungwa kwenye tundu la plagi ya hita. Piga starta hadi mshale usimame, andika namba, nenda silinda inayofuata.

5L yenye afya iliyopimwa pwani hutoa takriban bar 30, na kikomo cha chini ni karibu bar 20. Hapa kuna jambo linalowaponza watu wa nyanda za juu. Mji wa Iringa uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ileile itasoma pungufu kwa kati ya asilimia 15 na 20. Bar 25 Iringa si injini mbovu. Kilicho na uzito zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo haitakiwi kuzidi bar 5. Ukipata 25, 24, 25 na 15, silinda ya nne ina tatizo lake, zile tatu hazina. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi iliyoungua katikati yao. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, hapo kweli ringi na silinda vimelika.

Silinda iliyo chini usimimine oili nyingi kuijaribu kama wanavyofanya kwenye petroli. Chumba cha dizeli ni kidogo mno, oili ikijaa pistoni itagonga kimiminika na kukunja konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Tumia hewa ya kompresa badala yake. Leta pistoni ya silinda hiyo juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, weka gia ya nne, zuia magurudumu ili hewa isiisukume pistoni chini, kisha ingiza hewa ya bar 5 hadi 7 kupitia tundu la plagi. Halafu sikiliza. Hewa ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au silinda. Ikitoka kwenye ekzosi au njia ya hewa, ni valvu. Mapovu yakipanda kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Jaribio hili halichukui muda, na linakwambia kazi iko juu au chini kabla hujafungua bolti hata moja ya hedi.

Mwisho, ondoa swichi ya taa ya oili, funga geji ya presha hapo. Injini ikiwa moto na inaunguruma bila kukanyagwa, isishuke chini ya bar 0.3, kwenye mizunguko 3,000 iwe bar 2.5 au zaidi. Ikishindwa, beringi za kranki na konrodi zimelegea au pampu ya oili imechoka, na hapo kazi ya juu peke yake haitoshi.

Sasa uamuzi. Kama kompresheni na presha ya oili ni nzuri na hewa inatoka kwenye rejeta tu, wewe huhitaji injini wala ringi. Unahitaji hedi. Itolewe, isafishwe, ipimwe ufa kwa presha ikiwa ndani ya maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingi hujifunga hedi ikipoa. Angalia hasa katikati ya valvu mbili za silinda moja. Weka rula ya chuma iliyonyooka na filageji (vibamba vya kupimia upenyo): hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.20 ni ya kuplenwa (kusawazishwa uso kwa mashine) au kubadilishwa. Kuplenwa kuna mpaka. Kwenye 5L ukikata sana, vile vikombe vya kuwashia moto hutokeza, na valvu zinakaribia pistoni. Hedi iliyopasuka kuingia kwenye njia ya maji nunua nyingine. Kuichomelea kwa kazi ya abiria ya kupanda Kitonga kila siku mimi sishauri. Sili za valvu zibadilishwe zote wakati hedi iko nje. Inawezekana hata oili ikaacha kupungua hapohapo.

Gasketi ya hedi ya 5L huja kwa unene wa aina tatu. Pima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloki, kisha chagua, au angalau soma alama ya ile ya zamani. Gasketi nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni itagonga hedi. Nene kupita kiasi, kompresheni inashuka na gari halitawaka asubuhi. Bolti hukazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kutoka katikati kwenda pembeni, Nm 78 kwanza, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Fundi anayekaza hedi kwa kubahatisha na bomba refu ndiye atakayekurudisha gereji baada ya mwezi.

Kama hewa inatoka kwenye mfuniko wa oili, mambo ni mengine. Hedi ikishatoka, silinda zipimwe kwa geji ya ndani, juu, katikati na chini, kwa mielekeo miwili. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 99.5. Kikizidi kwa milimita 0.20, silinda imelika na imekuwa yai. Hapa ndipo ushauri wa "ringi tu" unapokufa: ringi mpya ni duara, silinda si duara, na juu kabisa ambapo ringi ya kwanza hugeuzia kuna ukingo ambao huvunja ringi mpya. Utatembea wiki chache, moshi utarudi, na umeshalipa gasketi, oili na kazi ya fundi. Kazi kamili ni kubora silinda (kuichonga upya iwe duara) na kuweka pistoni za oversaizi ya 0.50, ringi zake, kuchonga kranki ikibidi na kuweka beringi za saizi hiyo, pampu ya oili, seti nzima ya gasketi, sili za mbele na nyuma za kranki, mkanda wa taimingi na tensha yake, wotapampu na themostati. Kama bloki ilishaborwa mwisho, bado inaweza kuwekwa laina, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda.

Injini ya mtumba ninaipa nafasi pale bloki ikiwa imepasuka, konrodi imetoboa ubavu, au kranki imechongwa hadi mwisho. Nje ya hapo, kwa 5L, nachagua kufumua hata kama gharama inalingana na ya mtumba iliyofungwa kwenye gari. Injini hii ni rahisi, haina kompyuta, vipuri vyake viko kila mji, na ukimaliza unajua ndani kuna nini. Ingekuwa 1KD ya Hiace mpya zaidi hesabu ingebadilika, maana nozeli zake peke yake ni fedha nyingi.

Ukilinganisha, usilinganishe bei ya injini dukani na bei ya kazi yote ya kufumua. Kwa mtumba ongeza usafiri kutoka Dar, kufunga, oili na filta, mkanda wa taimingi, wotapampu na sili, kwa sababu hivyo lazima uvibadilishe injini ikiwa bado iko chini. Kwa upande wa kufumua, ongeza siku za gari kulala: zidisha hesabu unayopokea kwa siku na siku ambazo karakana ya kuchonga itakaa na bloki yako. Mtumba hufungwa kwa siku mbili tatu; kufumua kwaweza kula wiki moja hadi mbili.

Ukiamua mtumba, nenda mwenyewe au mtume fundi. Hakikisha ni 5L na si 5L-E, ambayo pampu yake inaongozwa kwa umeme. Izungushe kwa mkono mzunguko mzima. Toa sampu (beseni la oili chini ya injini) uangalie chini: chuma kinachometameta kwenye oili ni beringi zilizokwanguka. Chungulia njia ya maji kwenye nyumba ya themostati. Kutu nene ina maana ilitembelea maji ya bomba. Pima kompresheni kabla ya kulipa. Dhamana ya "itawaka" haitoshi, dai muda wa kuijaribu barabarani, uandikwe kwenye risiti.

Njia yoyote utakayochukua haitadumu kama hutaondoa kilichoua injini ya kwanza. Rejeta ivuliwe matanki isafishwe kwa fimbo, au inunuliwe nyingine. Feni klachi ipimwe injini ikiwa moto: ikizungushwa kwa mkono injini imezimwa na ikaendelea kuzunguka yenyewe, imekufa. Mfuniko wa rejeta ushike presha ya takriban bar 0.9. Na themostati irudishwe. Kuitoa "ili gari lisichemke" kumeharibu injini nyingi: gari likiwa limepoa dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Kwenye injini nyingi za Toyota ile njia ya pembeni ya maji nayo hubaki wazi, maji ya moto yanarudi injini bila kupita rejeta, na mlimani ndipo joto linapanda. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji safi.

Ikishafumuliwa, kilomita 1,000 za kwanza usiibebeshe mzigo kamili Kitonga na usiiache ikiunguruma muda mrefu imesimama. Badilisha oili na filta kwenye kilomita 500, kisha tena kwenye 1,000, na pima tena nafasi za valvu.

Kuna na karatasi. Namba ya injini imepigwa kwenye bloki na imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukifunga mtumba, chukua risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na nakala za uingizaji, kisha upeleke mabadiliko TRA, mamlaka ya mapato. Kenya kazi hiyo iko NTSA, mamlaka ya usafiri. Bila hivyo utakwama siku ya ukaguzi au siku ya kuuza gari. Ukifumua bloki yako, namba inabaki ileile na hakuna cha kubadilisha kwenye kadi.