Nimetubu mara nyingi, mbona moyo haujatulia?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 51, ninaishi Morogoro, na kwa muda mrefu nimekuwa mwandishi wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Miaka sita iliyopita bibi mmoja jirani yangu alivunjika nyonga, na kwa kuwa hakuweza tena kuja vikaoni, akawa ananikabidhi fedha za hisa zake nimpelekee kikundini. Kila wiki alinipa shilingi 10,000, yaani hisa tano za shilingi 2,000. Kwa wiki 18, kila wiki nilimgongea mihuri mitatu tu kitabuni, muhuri mmoja kwa kila hisa, na zile shilingi 4,000 nikabaki nazo. Bibi hakujua kusoma. Siku ya mgao, tulipogawana akiba na faida, kila hisa ilitoka na shilingi 2,500, naye akanishukuru kwa kumhangaikia, akamtuma mjukuu wake aniletee mkungu wa ndizi.

Bibi amefariki mwezi wa Machi mwaka huu. Siku ya maziko liliposomwa neno la kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu, nilihisi magoti yanalegea. Tangu hapo natubu usiku baada ya usiku, lakini kila nikifumba macho naiona ile mihuri mitatu. Mwenzangu wa maombi ananiambia huyo ni shetani mshitaki, nimkemee, maana nimekwisha kusamehewa. Je, ni Roho Mtakatifu au ni shetani? Na Bwana akirudi leo, mtu kama mimi atasimama wapi? Kitabu cha bibi ninacho mpaka leo.

JIBU: Amina, mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naomba nianze na ushauri wa mwenzako, kwa sababu naona ndio uliokuchelewesha. Sina shaka kwamba anakupenda, na ni kweli kwamba shetani anaitwa mshitaki wa ndugu zetu katika Ufunuo 12:10. Hata hivyo sikubaliani naye. Tazama maono ya Zekaria, sura ya 3. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani yuko mkono wake wa kuume ili amshitaki. Bwana anamkemea Shetani, na hapo ndipo mwenzako anapofunga Biblia. Lakini habari inaendelea: Yoshua alikuwa amevaa nguo chafu kweli, na baada ya kumkemea mshitaki, Mungu hakumwacha nazo, bali aliamuru avuliwe na kuvikwa mavazi mengine. Mshitaki alifukuzwa, na uchafu nao ukaondolewa. Ukimkemea shetani kisha ukabaki na nguo zile zile, umefanya nusu ya kazi.

Unauliza utawatofautishaje. Kwa miaka ya kuwasikiliza watu wakiwa na mzigo kama wako, nimeona kwamba sauti ya mshitaki hupenda maneno ya jumla: wewe ni mbaya, wewe umekwisha, Mungu hana haja na mtu kama wewe. Haikuelekezi popote isipokuwa gizani. Roho Mtakatifu hutaja jambo. Nathani alipomwendea Daudi katika 2 Samweli 12, hakumpa hotuba juu ya uovu wa wafalme, alimsimulia habari ya maskini mmoja na mwana-kondoo mmoja, kisha akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Sasa irudie barua yako mwenyewe: wiki 18, hisa mbili kila wiki, mihuri mitatu mahali pa mitano. Hesabu iliyonyooka namna hiyo, inayokujia usiku baada ya usiku na kukuonyesha jambo unaloweza kulitengeneza, mimi naiamini kuwa ni kazi ya Roho.

Bwana Yesu alisema katika Yohana 16:8 kwamba Roho akija "atauhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi, na haki, na hukumu." Wasomaji wengi hulipita neno "kuhakikisha" kwa sababu siku hizi tunalitumia kwa maana ya kuthibitisha kwamba mlango umefungwa au kwamba fedha zimefika. Neno la Kiyunani lililo chini yake ni zito zaidi, nalo humaanisha kumwekea mtu kosa lake wazi mbele ya macho yake mpaka asiwe na la kujitetea. Neno hilo hilo ndilo lililoko katika Mathayo 18:15, pale Bwana anapoagiza kwamba ndugu yako akikukosa, uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Ndivyo Roho anavyokutendea sasa, mama. Bado mko wawili tu, naye amekujia faraghani kama ndugu, kabla ya siku ile ambayo mambo ya siri yatawekwa wazi.

Kwa nini basi toba yako haijakupa amani? Nina hakika kwamba Mungu hakatai machozi yako. Neno la 1 Yohana 1:9 linasimama: tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki. Lakini kwa miezi yote hii umekuwa ukimwambia Mungu habari ambayo wenye fedha hawajaisikia. Fedha zile hazikuwa za Mungu peke yake kwamba umalizane naye chumbani. Zilikuwa za bibi, na leo ni za watoto wake.

Torati ina sheria ya jambo hili hasa, nami nasikitika kwamba haihubiriwi mara kwa mara. Mwizi aliyekamatwa na kitu mkononi alilipa mara mbili, na kama amekwisha kumchinja au kumwuza mnyama wa watu, alilipa kondoo wanne kwa mmoja, ng'ombe watano kwa mmoja. Hayo yako katika Kutoka 22. Lakini yule aliyekuja mwenyewe akaungama, katika Hesabu 5:7, alirudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano tu. Uone huruma iliyomo ndani ya sheria: njia ya mtu anayekuja kwa miguu yake imefanywa nyepesi, ili asiogope kuja. Zakayo aliijua sheria hiyo, na kwa furaha ya kutembelewa na Yesu alijichagulia iliyo nzito, akaahidi kurudisha mara nne. Hakuna aliyemdai.

Kwa hesabu yako, hisa 36 zilizopotea zingetoka na shilingi 90,000 siku ya mgao. Usihesabu shilingi 72,000 ulizochukua, kwa maana hisa huzaa, na faida ile ilikuwa haki ya bibi. Sehemu ya tano ya 90,000 ni 18,000, na jumla ni shilingi 108,000. Mkristo hayuko chini ya sheria hiyo kama mtu aliye chini ya hakimu, lakini sioni kipimo kizuri kuliko hicho kwa mtu anayetaka kutengeneza. Na kuhusu kwamba bibi amefariki, Hesabu 5:8 inasema kwamba mtu aliyekosewa asipokuwa na jamaa wa kupokea malipo, ndipo yanapokwenda kwa Bwana, kwa kuhani. Maana yake, jamaa wakiwapo, ni yao. Nakusihi usizitumbukize fedha hizo katika sanduku la sadaka ili kukwepa kuwatazama watoto wa marehemu usoni.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uwazi, nisije nikakuponya ugonjwa huu na kukuambukiza mwingine. Malipo hayanunui msamaha. Yuda alirudisha fedha zote, vipande thelathini kamili, na akakiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Lakini alizipeleka kwa makuhani, akaishia kujinyonga. Petro, aliyemkana Bwana, hakuwa na kitu cha kurudisha. Alilia kwa uchungu, na Bwana alipofufuka, Petro alikuwa bado yupo katika kundi la wale waliomngoja, naye Bwana akakutana naye kando ya bahari. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu, bali huzuni ya dunia hufanya mauti. Nenda kwa Yesu kwanza, kisha nenda nyumbani kwa bibi ukiwa mtu aliyekwisha kupokelewa.

Wazee wetu wa Uamsho waliyajua mambo haya kwa vitendo. Ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe, Uganda, mwaka 1929 na kutafuta pamoja utakatifu wa moyo, ulivuka mipaka kuingia Uganda, Kenya na Tanganyika ukiwa na alama moja iliyowashangaza hata wasioamini: watu walirudisha vitu. Walilipa madeni waliyokuwa wameyakana, wakarejesha mali walizoiba kwa waajiri na majirani, wakaomba radhi kwa waliowachukia. Waliita hayo kutembea nuruni. Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, walikuwa na makosa yao, na sikubaliani na desturi ya kumlazimisha mtu ataje kila kitu mbele ya umati. Mimi nashika kwamba ungamo lipanuke kadiri kosa lilivyopanuka na lisizidi hapo. Kosa lako limewagusa jamaa ya bibi na kikundi kilichokuamini kalamu na mihuri. Hao wasikie. Ibada nzima ya Jumapili haina sababu ya kusikia.

Jambo ninaloliogopa zaidi kwako ni kuchelewa. Liwali Feliki, katika Matendo 24, alimsikia Paulo akinena habari za haki, na kiasi, na hukumu itakayokuja, naye akaingiwa na hofu. Ile hofu ilikuwa ya kweli. Lakini alimwambia Paulo aende zake, atamwita akipata nafasi. Na alimwita kweli, mara nyingi, akiongea naye huku akitumaini kupewa rushwa. Miaka miwili ikapita, akaondoka madarakani akimwacha Paulo kifungoni. Hatusomi kwamba alitetemeka tena. Magoti yako yalilegea mwezi wa Machi, mama, na Machi imepita.

Sasa swali lako la mwisho, kwamba utasimama wapi. Paulo aliandika kwamba sisi sote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo, na aliwaandikia watu wa Korintho, ambao walikifahamu kiti cha namna hiyo kwa macho yao, maana jukwaa la mawe la mahakama lilikuwa sokoni mwao, na mabaki yake yapo hata leo. Paulo mwenyewe alikokotwa mpaka pale mbele ya liwali Galio, naye Galio akaikataa kesi na kuwafukuza washitaki. Hakimu wa duniani anaweza kukataa kusikiliza. Kristo hataacha kesi ya bibi asiyejua kusoma, na hilo ni neno la kutisha kwa aliyemdhulumu na la faraja kwa kila mnyonge. Lakini aketiye pale ndiye aliyetoa uhai wake kwa ajili yako, na Warumi 8:1 haijafutwa: hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Ukiwa ndani yake, utasimama mbele ya Mwokozi wako. Kujiweka tayari, kwa upande wako, ni kumpa leo kile alichokwisha kukitaja.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama shilingi 108,000 huna kwa mara moja, nenda na ulizo nazo, useme utamaliza lini. Mtafute mtoto mkubwa wa marehemu, na uende na mtu mzima mmoja mnayeheshimiana, asiwe wa kukutetea bali wa kushuhudia. Usianze kwa kueleza shida ulizokuwa nazo mwaka ule, maana maelezo hayo hugeuka kuwa utetezi. Huenda wakakasirika, wana haki. Huenda kikundi kikakuondoa katika uandishi, kubali. Usingizi usiporudi hata baada ya hayo, mwone daktari bila aibu, kwani mwili nao huchoka.

Na kile kitabu cha bibi uende nacho. Kifungue kwenye kurasa za zile wiki 18, ukiweke mezani mbele ya mwanawe, uhesabu naye mihuri mmoja mmoja kabla hujatoa fedha.