Wateja wa Kwanza Hufuatwa Mmoja Mmoja

SWALI: Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya kupanga miadi ya wagonjwa katika kliniki ndogo. Tumelipia matangazo mitandaoni mwezi mzima. Watu wanaingia kwenye tovuti, wachache wanajisajili, kisha kimya. Marafiki wote wanasema wazo ni zuri. Tunakosea wapi?

JIBU: Marafiki waondoeni kwenye hesabu; sifa zao hazilipi ankara. Matangazo nayo yasimamisheni kwanza, maana bado hamjui nani ananunua wala kwa nini. Waliojisajili wakanyamaza, wapigieni simu leo, mmoja baada ya mwingine, muulize walikwama wapi.

Kisha punguzeni uwanja. "Kliniki ndogo" ni pana mno. Chagueni aina moja, tuseme kliniki za meno zenye madaktari wawili hadi watano ambazo bado zinaandika miadi kwenye daftari. Matibabu mengi ya meno humtaka mgonjwa arudi tena na tena, na kiti kikikaa kitupu hasara huonekana siku hiyohiyo. Orodhesheni kliniki 50 za namna hiyo, na kando ya kila moja jina la mtu anayeidhinisha malipo. Hapa ndipo wengi hupotea: wiki tatu wanamshawishi mhudumu wa mapokezi, kumbe mwenye mfuko hajasikia lolote.

Ujumbe wa kwanza usizidi sentensi tano, na usiuze kitu. Ombeni dakika 20 za kuuliza maswali. Asipojibu, mkumbusheni baada ya siku 3, kisha baada ya wiki moja, kisha mwacheni.

Mkikutana naye, msimuulize kama angeitumia programu yenu. Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Ulizeni yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mgonjwa asipofika ilikuwa lini? Nani alimpigia? Mmewahi kununua chochote ili kuondoa tatizo hili? Ambaye hajawahi hata kujaribu kulitatua, mara nyingi halimuumi kiasi cha kulipa. Hata akiwa mchangamfu namna gani, nendeni kwa anayefuata.

Anayeumia msimwachie kiungo na kwaheri. Patrick na John Collison, ndugu walioanzisha Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, mtu akikubali kujaribu huduma yao waliomba kompyuta yake palepale wakamwekea wenyewe. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: ingizeni miadi ya wiki 2 zijazo kutoka kwenye daftari lake, kaeni na mhudumu wa mapokezi asubuhi nzima, mkiandika kila anaposita. Kazi hii inachosha na haiwezi kurudiwa kwa wateja elfu, lakini ninyi mnatafuta kumi.

SWALI: Bidhaa yangu bado ina mapungufu. Je, niwape watu bure mpaka ikamilike?

JIBU: Mapungufu si kizuizi. DoorDash, kampuni ya Marekani ya kupeleka chakula majumbani, ilianza mwaka 2013 kwa ukurasa mwepesi wa mtandaoni wenye menyu za migahawa na namba ya simu. Chakula walipeleka waanzilishi wenyewe. Kinachofanywa na mashine baadaye, leo unaweza kukifanya kwa mkono.

Bure ndiyo yenye madhara. Asiyelipa huomba vipengele vingi, hutumia kidogo, na ukitaja bei anatoweka. Utakuwa umejenga kwa kufuata maoni ya mtu asiyekuwa mteja. Toza nusu bei kwa siku 30, andika tarehe ambayo bei kamili itaanza, na uahidi kurudisha fedha asiporidhika. Akiomba kipengele kipya, kiandike, ila usikijenge mpaka mteja wa tatu akiombe pia, isipokuwa bila hicho kazi haifanyiki kabisa.

Angalia wiki ya pili: anafungua bidhaa bila kukumbushwa? Kama sivyo, mfuate kabla siku 30 hazijaisha. Kama ndiyo, mwombe majina mawili ya wenzake katika kazi ileile, naye awapigie mbele yako. "Nitakutajia kwao" huwa haifiki.