Kusoma uuguzi huku unafanya kazi wodini: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, umesema una miaka minne ukiwa mhudumu wa wodi, unataka kuomba chuo cha uuguzi bila kuacha kazi, na umeuliza mambo matatu: uzoefu wako utakusaidia? Utamudu masomo na zamu kwa pamoja? Na bosi umwambie lini? Nimepita njia hiyohiyo. Nilikuwa mhudumu kwa miaka mitano, nikasoma nikiwa kazini, sasa ni muuguzi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi nililopewa mimi wakati ule, "utaweza tu, wewe si uko humohumo," ndilo lililoniponza.

Tuanze na kuingia, maana huko ndiko kwepesi. Hakikisha chuo kinatambuliwa na baraza la uuguzi la nchi unayotaka kufanyia kazi, kwa sababu cheti kisichokupa leseni ni karatasi tu. Angalia maksi zako za biolojia na kemia. Kama ni mbovu, miaka yako ya wodini haitazifufua; rudia somo kwanza. Na barua ya mdhamini usiiombe kwa daktari mkubwa anayekujua kwa sura. Iombe kwa muuguzi aliyekuwa nawe saa tisa usiku siku mgonjwa alipotapika kitanda kizima. Huyo ana cha kuandika.

Kwenye usaili watakuuliza kwa nini uuguzi. Wenzangu niliokaa nao kwenye benchi la nje wote walikuwa na jibu moja, wanapenda kusaidia watu. Mimi nilisimulia habari ya kikombe. Kulikuwa na mzee wodini aliyekuwa akichanganyikiwa kila jioni, anaita watu wasiokuwepo. Nikagundua kikombe chake cha maji kila nikipita kimejaa vilevile. Siku moja namfuta mgongo nikamuuliza polepole, akaniambia hanywi ili usiku asiombe kusindikizwa chooni. Aibu tu. Nikampelekea sista habari, akapimwa, kumbe mwili ulikuwa umekauka maji. Jopo halikunipigia makofi. Mama mmoja aliinua macho akauliza: "Ulimwambia nani, na iliandikwa wapi?" Hapo nikajua wanachotafuta: mtu anayeona, anayejua kazi yake inaishia wapi, na anayefikisha habari panapotakiwa. Tafuta kisa chako cha namna hiyo, bila jina la mgonjwa. Tafuta na kingine cha kosa ulilofanya wewe mwenyewe, maana nacho watakiulizia.

Sasa tuje kwenye masomo, ambako ndiko nilikodhani nitapita kwa ulaini kama kisu kwenye siagi. Mtihani wa kwanza nilifeli. Nakumbuka swali moja hadi leo: mgonjwa ametoka upasuaji, amepewa mofini ya kutuliza maumivu, unamkuta anapumua mara 9 kwa dakika na ni mgumu kuamka. Utafanya nini kwanza? Nikaandika bila kusita: nitakimbia kumwita sista. Miaka mitano nilikuwa nafanya hivyo, na nilikuwa nasifiwa kwa hilo. Mkufunzi alizungushia jibu langu wino mwekundu, akaandika pembeni: "Sista ni wewe." Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Huyu wa 9 dawa imemlaza kupita kiasi, na humwachi peke yake. Unamwamsha, unahakikisha njia ya hewa iko wazi, unampa oksijeni, unazuia mofini isiendelee kuingia, na msaada unauita ukiwa hapohapo kitandani, naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, iandaliwe. Vitu hivyo vyote nilikuwa nimeviona vikifanyika. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hiki kinatangulia kile.

Ndiyo maana wenzangu waliotoka moja kwa moja sekondari, ambao siku ya kwanza walishika mkanda wa presha kama wameshika nyoka, walinipita darasani muhula ule. Wao hawakuwa na kitu cha kufuta vichwani. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya "hapa kwetu tunafanya hivi".

Kuna lingine la aibu, nikupe ujifunze. Wiki ya pili ya mafunzo kwa vitendo nilipima wagonjwa sita, nikajaza chati haraka, nikamkabidhi mkufunzi kwa majivuno. Akaitazama. Kwenye safu ya upumuaji nilikuwa nimeandika 20, 20, 20, 20, 20, 20. Akaniuliza, "Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya?" Nawe unajua nilichofanya, kwa sababu wodi nyingi ndivyo zinavyofanya: presha na joto tunapima, upumuaji tunabuni. Alinirudisha kwa wote sita. Alinionyesha kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado nahesabu mapigo, macho yakiwa kifuani, dakika nzima kwa saa. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha. Kitanda cha nne tulipata 28. Mama yule alikuwa anaongea na kutabasamu, homa hana. Pumzi mara nyingi huharakisha kabla presha haijashuka, na mimi ningempitia na 20 yangu, nikaenda zangu.

Hesabu za dawa usizidharau, vyuo vingi vinadai upate karibu zote au urudie. Wodini nilikuwa naona dripu ikiregezwa kwa jicho. Chuoni unaambiwa: mililita 1000 ziishe kwa saa 8, mpira unatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, ni takriban matone 42 kwa dakika. Fanya kumi za namna hiyo kila siku kwa mwezi mmoja kabla chuo hakijafunguliwa. Na jizoeze kuandika: nusu miligramu ni 0.5, sifuri ya mbele isikosekane. Miligramu moja ni 1, usiandike 1.0, kwa sababu nukta ikififia mtu atasoma 10.

Mpango wa huduma wa mgonjwa nao utakutesa mwanzoni. Una hatua tano: kukusanya taarifa, utambuzi wa kiuuguzi, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Wengi tulikwama ya pili. Daktari anaandika nimonia. Wewe huandiki nimonia; unaandika kwamba mgonjwa anashindwa kutoa makohozi, na unaonyesha umejuaje. Ukishaiona tofauti hiyo, zingine zinafuata zenyewe.

Jinsi nilivyoinuka ni hivi. Kila zamu nilichagua mgonjwa mmoja tu. Sikuandika jina, sikuandika namba ya kitanda, ugonjwa na dawa tu kichwani, nikifika nyumbani nasoma huyo mmoja hadi nielewe kwa nini. Mgonjwa wa moyo anayelala kwa kukaa kwa sababu akilala chali anakosa pumzi: upande wa kushoto wa moyo umechoka, maji yanarudi mapafuni. Aliyevimba miguu hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo: upande wa kulia. Kitabu kiliniambia haya mara tatu nikasahau mara tatu. Baada ya kumwekea mtu mto wa tatu mgongoni usiku, sikusahau tena. Hapo ndipo uzoefu wako unapolipa, na hao wa sekondari hawana pa kuupata.

Kuhusu zamu nitakuwa mkali. Muhula wa pili nilikuwa nafanya usiku mzima kazini, kisha asubuhi naingia mafunzo kwa vitendo na nguo zilezile za ndani. Nilijiona shujaa. Asubuhi moja nikiwa na muuguzi anayenisimamia, nilibeba kikombe cha vidonge hadi kitandani, nikamsalimia mgonjwa kwa jina ambalo si lake, yeye mwenyewe akaitikia kwa heshima. Aliponyoosha mkono akaviangalia: "Leo mmenibadilishia? Vyangu havina cha njano." Vilikuwa vya kitanda cha jirani. Msimamizi wangu alikuwa nyuma yangu na angenizuia, naamini hivyo, lakini aliyenizuia ni mgonjwa. Kuna utafiti wa 1997 uliochapishwa kwenye jarida la Nature ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi siku ile nilikuwa nimevuka 20. Dawa sahihi, mgonjwa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi, nilikuwa nazikariri hata nikiamshwa usingizini, na ndivyo nilivyokuwa, nimelala huku natembea.

Baada ya hapo nikaweka sheria mbili ambazo sikuzivunja hadi nahitimu. Hakuna zamu ya usiku kabla ya siku ya vitendo wala ya mtihani, hata kama mwenzangu amefiwa. Nilibadilishana naye siku nyingine, nikamlipa deni lake. Na zamu zangu nilizipunguza hadi nusu. Pesa ilipungua, ndiyo, tulibana nyumbani, na nyumbani nao niliwaambia tarehe ya mwisho wa shida ili wasione kama hali hiyo ni ya milele. Kama huwezi kuishi kwa nusu ya mshahara, ni bora uahirishe mwaka mmoja uweke akiba kuliko uanze ukafeli muhula wa pili.

Mambo mawili ya wodini ambayo hakuna atakayekuonya. La kwanza, ukifika mwaka wa pili watu wa kazini watajua unasoma, na usiku wenye wagonjwa wengi mtu atakwambia, "Si unasomea, mchome tu hiyo sindano." Kataa. Kazini wewe bado ni mhudumu, na mkataba wako ndio unaosema unaruhusiwa nini. Ulichojifunza chuoni unakifanya ukiwa mwanafunzi, chini ya msimamizi. Likiharibika, aliyekutuma atakuwa hakumbuki. Mimi nilikuwa najibu, "Sista, nitakushikia mwanga, choma wewe," mara ya tatu wakaacha kuniomba.

La pili, omba usipangiwe vitendo katika wodi yako mwenyewe. Mimi nilifurahi kupangiwa kwetu. Wiki nzima wenzangu wanaitwa kuona katheta, yaani mpira wa mkojo, ikiwekwa, mimi naitwa kubadilisha mashuka, kwa sababu watu walikuwa wamezoea mikono yangu kwa mashuka. Hawakuwa na nia mbaya. Nilihamishwa wodi nyingine ambako hakuna aliyenijua, na hapo ndipo nilipoanza kuonekana mwanafunzi.

Swali lako la bosi. Wapo watakaokushauri ufiche hadi upate barua ya kukubaliwa. Mimi nilificha, na lilikuwa kosa, kwa sababu ratiba ya zamu ilikuwa imeshapangwa na kila ombi langu likawa usumbufu kwa mtu. Mwambie mkuu wa wodi siku unayopeleka maombi, si lazima kila mtu ajue. Ukikubaliwa, chukua kalenda ya muhula, weka alama siku zote za vitendo na mitihani, umpelekee kabla hajaanza kupanga mwezi. Usimwambie "nitahitaji nafasi nafasi". Mpe tarehe. Wangu nilipompelekea karatasi yenye tarehe 14 zilizozungushiwa duara, aliisoma kimya, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake, akaniuliza kama nimeshaanza hesabu za dripu.