Viashiria vya mazingira mtaani: chagua vile ambavyo mtu atavifanyia kazi

Kila mvua zikikaribia, vikundi vya vijana wa kando ya mito ya Nairobi hunitafuta na swali lile lile: tupime nini? Wengi huja wakiwa tayari wameshika fomu ndefu waliyopewa na mfadhili, kurasa kwa kurasa, kuanzia idadi ya miti hadi kama wakazi wanaridhika na mtaa wao. Nimefanya kazi ya kupima na vikundi vya mitaa ya mabanda ya Mukuru, Mathare na Kibera kwa miaka mingi, na ushauri wangu wa kwanza haujabadilika. Kabla hujaweka kiashiria chochote, yaani namba ya kufuatilia hali ya mtaa, kwenye orodha, taja mtu atakayefanya jambo tofauti namba hiyo ikipanda au ikishuka. Mtaje kwa cheo chake: mwenyekiti wa kamati ya maji, mhudumu wa afya ya jamii, mwakilishi wadi, mwenye ploti, afisa wa mazingira wa kaunti. Ukikosa wa kumtaja, kifute.

Watu huona uchungu kufuta. Malengo ya Maendeleo Endelevu ambayo Umoja wa Mataifa uliyapitisha mwaka 2015 ni 17, na chini yake kuna shabaha 169, kwa hiyo mtu hudhani orodha fupi ni uvivu. Lakini zile ni za serikali, zenye idara za takwimu na watu wanaolipwa mshahara kuhesabu. Kijana anayeshinda kwenye kibarua cha mjengo na kurudi jioni na matope miguuni ana saa moja ya kukupa kwa wiki, akiwa na moyo. Viashiria vitano vinavyopimwa kila mwezi bila kukosa vina faida kuliko arobaini vilivyojazwa haraka haraka kwa sababu wageni wanakuja.

Nikiulizwa nianzie wapi, huanzia kwenye maji. Fomu nyingi huuliza ni nyumba ngapi zinapata maji safi. Mkazi wa Mukuru kwa Reuben atakujibu kwamba anapata, maana kioski kiko hatua chache kutoka mlangoni pake, nawe utatia alama ya ndiyo na kwenda zako. Muulize badala yake mtungi wa lita 20 ni bei gani leo, na ilimchukua muda gani kwenda, kupiga foleni na kurudi. Swali la muda si la kubuni. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapohesabu nani ana huduma ya msingi ya maji, hutaka chanzo kiwe cha aina inayokinga maji na uchafu na safari nzima, foleni ikiwemo, isizidi dakika 30. Na bei husema mambo ambayo ramani ya mabomba haiwezi kusema. Mgao ukibana, mtungi wa shilingi 5 hupanda hadi 20 kabla ya saa sita mchana, na wanaonunua kwa mtungi ndio hao hao ambao tayari hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji nyumbani kwake Kileleshwa.

Kuna kikundi kilichofanya kazi hii vizuri mno. Waliandika bei kwenye vioski vile vile, Jumatatu asubuhi, kwenye daftari la kawaida la mistari: tarehe, kioski, bei, maji yanatoka au hayatoki, watu wangapi kwenye foleni. Hawakuongeza safu nyingine. Walipokaa mkutanoni na watu wa kampuni ya maji, wakazi wengine waliofika na malalamiko tu walisikilizwa kwa heshima na kusahauliwa. Daftari ndilo lililoombwa lipigwe picha, kwa sababu lilionyesha wazi ni siku gani bomba la upande wa chini hukauka huku la upande wa juu likitoka. Watu wa maji walikuwa na uwezo wa kufungua valvu, na sasa walijua waifungue lini.

Vyoo navyo vinastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyofanya. Kuhesabu vyoo ni rahisi, na ndiyo maana kila ripoti ina idadi ya vyoo. Mimi nataka kujua kinafungwa saa ngapi. Choo cha kulipia kinachofungwa saa tatu usiku, kwa mama mwenye mtoto anayehara saa nane, hakipo. Nataka pia kujua bei yake, kama taa ya kwenye kichochoro inawaka, na kama kuna maji na sabuni. Tembea usiku na wanawake wa mtaa, wakiwa wengi na wakiwa wamekubali wenyewe, uandike ni vyoo vingapi vinaweza kufikiwa wakati huo. Namba utakayorudi nayo itakuwa ndogo kuliko ile ya mchana, na hiyo ndogo ndiyo ya kweli. Mtu wa kuifanyia kazi yuko karibu sana: ni msimamizi wa choo na kamati yake, na mara nyingi suala lenyewe ni kumlipa mlinzi wa usiku.

Sasa viashiria vinavyodanganya, maana hivi ndivyo vinavyokula nguvu za watu. Bwawa la Nairobi, pale chini ya Kibera, kwa miaka mingi limefunikwa na gugumaji. Ukilitazama kwa picha ya setelaiti inayopima ukijani, utaona kama umepata bustani. Ukijani huo umelishwa na maji taka yanayoshuka na kila mvua, na chini yake maji yamekosa hewa. Ndege nao ni hivyo hivyo. Marabu, wale wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo, ni wengi mno Nairobi, na wingi wao unatueleza habari za majaa yetu na mabaki ya machinjio. Ukihesabu ndege kwa jumla bila kutaja aina, mtaa mchafu unaweza kuushinda mtaa wenye mto safi.

Miti huleta ubishi mkubwa zaidi kwa sababu taifa zima linahesabu miti. Katiba yetu, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kuna mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mimi ni mpenzi wa miti, na nisingekuwa na msitu wa Karura wa kutembelea kama Wangari Maathai na wenzake hawangeutetea mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini wao walilinda msitu uliokuwa umesimama. Miche iliyopandwa ni idadi ya kazi ya siku moja. Hesabu miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, utaje na aina yake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba miche mingi iliyokuwa imepandwa kwenye kingo za mito ya Mathare na Ngong, na bado kwenye ripoti imebaki kuwa miti iliyopandwa.

Magunia ya taka yana shida ya namna hiyo. Magunia mengi yanaweza kumaanisha vijana walijitokeza kwa wingi, au mto umechafuka zaidi, au vyote viwili. Hesabu badala yake siku zinazopita tangu kona fulani isafishwe hadi ijae tena. Kona ikichukua wiki mbili badala ya siku tatu, kuna tabia imebadilika au mkokoteni wa kuzoa unapita. Na mara moja kwa msimu, mwageni gunia moja juu ya turubai mvae glavu na kuchambua. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na imepungua kweli. Sisi siku hizi tunakuta nepi, chupa za soda, nywele bandia na vipande vya sponji ya magodoro. Nepi zikiwa nusu ya gunia, hamhitaji tena kuwahubiria watu juu ya usafi. Mnahitaji kuongea na wazoaji taka wa mtaa kuhusu mahali pa kuzitupa na bei ambayo mama anaweza kumudu.

Na mto wenyewe? Huko Seattle, Marekani, wakazi walioketi kuchagua viashiria vya mji wao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimchagua samaki, salmoni anayerudi vijitoni kutaga. Kila mtu pale alimjua, na alihitaji maji baridi, safi, yasiyozibwa. Sisi hatuna salmoni, lakini tuna wadudu wa chini ya mawe, nao ni mashahidi wazuri kuliko chupa ya maji inayopelekwa maabara mara moja kwa mwaka. Chupa hueleza saa ile ilipojazwa. Mdudu ameishi pale kwa wiki au miezi, na kama maji ya rangi yalimwagwa usiku wa Jumamosi, yeye alikuwepo.

Mbinu ya Afrika Kusini iitwayo miniSASS inaweza kufundishwa kwa siku moja hata kwa wanafunzi wa shule ya msingi. Unageuza mawe ndani ya maji yanayotiririka, unakusanya wadudu kwenye beseni jeupe, unawapanga kwa makundi na kila kundi lina alama zake. Mdudu wa chini ya mawe mwenye mikia miwili (kwa Kiingereza stonefly), asiyevumilia uchafu, ana alama 17. Minyoo ina 2. Unajumlisha na kugawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Ukianzia juu, mto Motoine unapopita msitu wa Ngong Road, unaweza kugeuza jiwe ukaona wadudu wachanga wembamba wenye mikia mitatu wakikimbilia kivulini. Ukishuka hadi Mukuru, ambako mto huo huo sasa unaitwa Ngong, unakuta vibuu vyekundu vikijinyonga kwenye tope jeusi. Wekundu wake ni damu yenye hemoglobini, kama yetu, inayokiwezesha kibuu kuishi mahali ambapo hewa karibu imekwisha. Nimeona kijana aliyekuwa amechoka na semina za mazingira akikaa na beseni hilo muda mrefu, kisha akauliza ni wapi hasa, kati ya pale juu na hapa chini, wale wenye mikia wanatoweka. Hilo ndilo swali la kupima, na hakuna mshauri angeliweka kwenye fomu. Vaeni gambuti na glavu tu, na mtu mwenye kidonda asiingie.

Pimeni mahali pale pale na msimu ule ule. Mto wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeusukuma, haulinganishwi na mto wa Februari.

Hewa nitaigusa kidogo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri vumbi laini la hewani (PM2.5) lisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka na 15 kwa siku katika kila mita ya ujazo. Vipima hewa vya bei nafuu vipo, lakini vingi hupandisha namba hewa ikiwa na unyevu, na asubuhi za Julai hapa kwetu ni ukungu mtupu. Kama hamna fundi wa kuvirekebisha, hesabuni nyumba zinazopikia makaa au mafuta taa na zile zilizohamia gesi.

Kwenye afya, jihadharini na idadi isiyo na watu chini yake. Wagonjwa wa kuhara wakipungua kwenye daftari la zahanati, ulizeni kwanza kama dawa zilikuwepo. Pameshawahi kutokea, mahali ninapopajua, kwamba dawa ziliisha, watu wakaacha kwenda, na namba ikaonekana nzuri. Pia gawanyeni kwa idadi ya wakazi mnayoweza kuitetea. Kabla ya sensa ya 2009 ilisemwa kila mahali kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ikatoa 170,070. Ubishi haujaisha, lakini fikiria kiwango chochote cha ugonjwa au vyoo kikigawanywa kwa namba hizo mbili.

Angalau kiashiria kimoja kifungamane na sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara. Kanuni za ubora wa maji zimeweka kikomo cha maji taka yanayoachiliwa kwenye mazingira. Jedwali la wadudu likishawaonyesha mahali mto unapofia, hapo ndipo pa kutumia pesa zenu chache za maabara, juu na chini ya bomba linaloshukiwa, siku moja, kwa sampuli zenye mashahidi.

Daftari libaki mtaani. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi walikuwa wameshakusanya takwimu zao pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wao, kwa hiyo waliingia kwenye mazungumzo wakiwa na kitu mkononi. Pigeni picha kila ukurasa, nakala moja ikae kwa mtu ambaye si mwenyekiti. Majina ya wanaohojiwa yasiandikwe. Matokeo yabandikwe kioskini kwa maandishi makubwa, hata mwezi ambao yamekuwa mabaya na kikundi kimefanya kazi kwa bidii, kwa sababu jirani atajua bei ya mtungi ilikuwa ngapi mkiandika au msiandike.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, andikeni kila kiashiria, nani anapima, siku gani, na nani anapelekewa. Mwaka ukiisha, someni ukurasa huo pamoja. Kile ambacho kwa miezi 12 hakuna aliyekiulizia wala kukitumia, kiondoeni, na nafasi yake wapeni wanawake wa ile safari ya usiku waijaze.