Ugatuzi kwa anayejiandaa na usaili wa kaunti

Mdogo wangu, umeuliza usome nini kuhusu ugatuzi, yaani kugawana madaraka kati ya serikali kuu na kaunti, kabla ya usaili wa kaunti hapa Lamu. Anza na Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi: zahanati ni za kaunti, ilhali polisi na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kisha Kifungu cha 203, kinachozipa kaunti zote 47 kwa pamoja asilimia 15 au zaidi ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, wala si makusanyo ya mwaka huu. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mimi nilikesha nikikariri majina ya mawaziri, nikaulizwa mshahara wa muuguzi wa zahanati ya kijiji cha Matondoni hulipwa na nani.