Tanuri kubwa, dakti zilezile

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tulinunua nyumba ya zamani hapa Minnesota. Tanuri la gesi lilikuwa la BTU 60,000 (kipimo cha joto kwa saa) na chumba cha watoto ghorofani hakikuwa kinapata joto. Lilipokufa, fundi akatushauri tuweke la 100,000, la asilimia 95 (yaani asilimia 95 ya joto la gesi huingia nyumbani), akalifunga kwenye dakti zilezile, mabomba ya kusambaza hewa. Sasa linawaka dakika chache, linazima, linawaka tena. Besimenti ni joto la Mombasa, juu watoto wanalala na masweta. Pale kwenye chujio panapiga mluzi. Jamaa mmoja ananiambia nifunge matundu ya sebuleni ili hewa isukumwe juu. Nifanye hivyo au ninunue dakti kubwa?

JIBU: Usifunge tundu lolote, dada. Kama umeshafunga, nenda kafungue kwanza, kisha urudi kusoma.

Kila baridi inapoanza naletewa swali hili, na chanzo ni kilekile: watu wanalichukulia tanuri kama jiko la mkaa, kwamba ukiongeza mkaa chumba kitapata moto. Tanuri halipashi chumba chochote. Linapasha chuma, feni inapitisha hewa juu ya chuma hicho, na hewa ndiyo inayobeba joto hadi kitandani kwa mtoto. Hewa isipopita, joto linabaki chini, chuma kinachemka, na swichi ya usalama inakata moto. Ndiyo hizo dakika chache zako. Likiendelea hivyo msimu baada ya msimu, chuma hicho hupata ufa.

Hesabu yake haihitaji digrii. Chukua BTU zinazotoka, gawanya kwa 1.08 mara nyuzi za Farenhaiti ambazo hewa inapandishwa. Kiwango kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye kibao cha tanuri, tuseme 55. Kama lile la zamani lilikuwa la asilimia 80, lilitoa BTU 48,000, yaani lilihitaji futi za ujazo 800 hivi za hewa kwa dakika. Hili jipya linatoa 95,000, linataka 1,600. Mmeagiza hewa mara mbili, mkaipitisha njia ileile! Chujio jembamba la inchi 16 kwa 25, kwa kipimo tunachotumia mafundi cha futi za ujazo 2 kwa dakika kwa kila inchi ya mraba, linafaa kwa 800. Mluzi unaousikia ni hewa inayong'ang'ania kupita hapo. Ukifunga na matundu ya sebuleni, unalikaba koo zaidi.

Shuka besimenti na futikamba, upime kipenyo cha dakti inayopanda kwa watoto. Ikiwa ya inchi 5, kwa kawaida inapitisha futi za ujazo 60 hivi kwa dakika. Ya inchi 6 inakaribia 100. Hapo ndipo baridi yao ilipoanzia, na tanuri la ukubwa wowote lisingeiondoa. Halafu angalia kama chumba chao kina tundu la kurudisha hewa. Nyumba nyingi za zamani hazina huko juu. Mlango ukifungwa usiku hewa haina pa kutokea, kwa hiyo hata mpya haiingii.

Kwa hiyo usinunue dakti bado. Nyumba ipigiwe hesabu ya joto inayopotea, ile inayoitwa Manual J, kisha dakti zipangwe kwa Manual D, ile ya kupanga ukubwa wa dakti. Inawezekana kabisa ukagundua kwamba 60,000 zilitosha.

Dakti zikifungwa upya, kila maungio ya bomba la duara yapate skrubu 3, yapakwe mastiki, gundi nzito ya kuzibia, au yazungushiwe tepu ya alumini yenye alama ya UL 181, kiwango cha ubora wa tepu za dakti. Ile tepu ya kijivu ya kitambaa sitaki kuiona. Maabara ya Lawrence Berkeley kule California ilizijaribu tepu mwaka 1998, na hiyo ndiyo iliyoshindwa vibaya: joto linakausha gundi. Mwaka jana nilibandua mita kadhaa katika besimenti moja kwa vidole viwili, kama ganda la ndizi. Aliyeibandika alikuwa amelipwa pesa nzuri.

Hao mafundi wa "nitakufungia kwa siku moja, vibali vya nini" hawaangalii bomba la moshi. Tanuri la zamani kwa kawaida lilitumia dohani moja na hita ya maji. La asilimia 95 linatoa moshi wake kwa bomba la plastiki ukutani, na hita ya maji inabaki peke yake kwenye dohani kubwa, baridi, isiyovuta vizuri. Weka hapo tanuri lenye feni kubwa na dakti ya kurudisha hewa inayovuja pembeni ya hita: feni inavuta moshi wa hita na kuusambaza vyumbani. Ndani ya moshi huo mnaweza kuwa na monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Nimeshakuta nyumba kifaa cha kuonya kimeng'olewa betri kwa sababu "kinapiga kelele bure".

Weka kifaa hicho leo, karibu na wanakolala watoto. Fundi atakayekuja, mwulize kama ana manomita ya kupima presha ya dakti. Tanuri nyingi za nyumbani zimepimwa kwa presha ya inchi 0.5 ya maji, na lako nahisi limepita hapo mbali. Akikuambia anapima kwa kuweka mkono kwenye tundu, mpe chai anywe, aende zake.