Muulize Fundi wa Visima

SWALI: Shikamoo fundi. Tulichimba kisima cha mashine hapa Mayungu, mita 45, si mbali na ufuo. Mwanzoni maji yalikuwa matamu, hata chai tukipikia. Sasa yana chumvi, majani ya nyanya yanaungua kingo, na sabuni haitoi povu. Aliyetuchimbia ataka tuongeze mita 20 tufikie "maji mazuri ya chini". Tumpe hela?
Mama Z., Malindi

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe hata shilingi.

Chini ya Mayungu hakuna mto uliojificha, kuna bahari. Maji matamu ya pwani yetu ni ya mvua. Yameshuka kupitia mchanga na mwamba wa matumbawe, yakaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine chini yake. Hesabu hiyo hugeuka na kukuuma. Pampu ikishusha maji kisimani kwa sentimita 10 tu na kuyaweka hapo, chumvi yaweza kupanda mita nne kuelekea kwenye bomba lako. Huyo fundi anataka kukupeleka ilipo.

Hukuniambia pampu yako ni kubwa kiasi gani, lakini nadhani najua: tangi la lita elfu kadhaa, swichi yawashwa asubuhi, ndani ya saa moja limejaa. Hapo ndipo penye kasoro. Pumzisha kisima, ikiwezekana masika nzima. Kisha weka pampu ndogo, uivute juu karibu na uso wa maji, na uvute kidogo kidogo: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Ikiwa chumvi haipungui, mwambie fundi mwingine azibe sehemu ya chini ya kisima kwa saruji. Ndiyo, kuziba. Najua inauma kufukia mita ulizolipia. Wazee waliochimba kwa mikono walikuwa wakikoma maji yanapoanza kuonekana, na hawakukoma kwa uvivu.

Kibali chako cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kisome tena, uone kinakuruhusu kuvuta kiasi gani kwa siku. Kama aliyekuchimbia hakukuchukulia kibali, basi hilo nalo ni swali la kumuuliza kabla hajazungumza habari ya mita 20.

Povu la sabuni lisikutie hofu. Matumbawe ni chokaa, na maji yake hugomba na sabuni hata yakiwa matamu. Kinachonitisha ni hizo nyanya. Wakati kisima kinapumzika, achana na maharagwe na malimau, hayavumilii chumvi. Mnazi na spinachi vitastahimili. Mwagilia shinani, usirushe maji juu ya majani. Na kama paa ni la mabati, jenga jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, kama wafanyavyo watu wa visiwa vya Lamu. Maji ya mvua hayana ugomvi na mtu.

SWALI: Maji ya kisima chetu yananuka yai viza. Ni sumu?
Kijana wa Watamu

JIBU: Ni gesi ya salfa, aghalabu kazi ya vijidudu mahali pasipo hewa. Mwaga maji tangini kutoka juu, kifuniko kikiwa wazi, harufu nyingi itaondoka. Ikirudi, kisima kisafishwe na kutiwa klorini, na mabomba yote yasuuzwe kwa maji hayo ya klorini kabla hayajamwagwa. Ila kwanza niambie choo kiko wapi. Matumbawe yana nyufa, na uchafu hupita ndani yake bila kuchujwa kama kwenye mchanga. Mpaka maji yapimwe maabara, ya kunywa yachemsheni.